Titanic kwa watoto wadogo: dhana potofu na ukweli

Watoto wengi wa Nairobi husikia habari za Titanic, meli ya abiria iliyozama mwaka 1912, kanisani au kwenye filamu kabla hawajazisikia darasani. Kwa hiyo mwalimu wa gredi ya kwanza au ya pili hulazimika kuanza kwa kurekebisha yale wanayodhani tayari wanayajua.

Dhana: Meli ilizama kwa sababu mjenzi wake alijigamba kwamba hata Mungu hawezi kuizamisha.

Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba mjenzi wake yeyote alitamka maneno hayo. Kilichopo ni jarida la Uingereza la ujenzi wa meli, ambalo mwaka 1911 liliandika kwamba ilikuwa karibu haiwezi kuzama. Kumwambia mtoto wa miaka sita kwamba Mungu aliwaangamiza watu wapatao 1,500, watoto wenzake wakiwemo, kwa ajili ya majigambo ya mtu mmoja, ni kumtisha kwa jambo lisilo na msingi. Sababu halisi haimpi taabu kuielewa: usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 meli ilikuwa ikienda mbio ingawa ilikwisha kupokea maonyo ya barafu kwa redio, na walinzi walipouona mwamba wa barafu, nafasi ya kuukwepa ilikuwa imekwisha.

Dhana: Barafu iliuchana ubavu wa meli mpasuko mmoja mkubwa.

Mabaki yalipatikana Septemba 1985 na timu ya Robert Ballard na Jean-Louis Michel, katika kina cha takriban mita 3,800. Uchunguzi wa mwaka 1996 ulionyesha nyufa sita nyembamba ambazo zikijumlishwa zinazidi kidogo tu mita moja ya mraba. Watoto hawaamini kwamba nafasi ndogo hivyo iliweza kuzamisha meli yenye urefu wa mita 269, yaani zaidi ya mara mbili ya kimo cha jengo refu la KICC jijini Nairobi, na hapo ndipo trei ya barafu ya plastiki inapofaa. Ielee kwenye beseni, kisha mtoto amimine maji yenye rangi polepole katika vijumba vya upande mmoja. Upande huo utainama, maji yatafurika juu ya ukingo na kuingia kijumba kinachofuata, kisha kingine. Titanic ilikuwa na vyumba 16 vilivyotenganishwa kwa kuta ambazo hazikufika juu kabisa. Ingeweza kuelea vyumba vinne vya mbele vikijaa, lakini vilivyoingia maji vilizidi hapo. Mimi ningeacha ramani na picha zote kabla ya kuliacha jaribio hili.

Dhana: Mashua za uokozi zilikuwa chache kwa sababu sheria ilivunjwa.

Sheria ya Uingereza ilidai mashua 16, na meli ilibeba 20. Kosa lilikuwa katika sheria yenyewe, iliyopima ukubwa wa meli badala ya kuhesabu watu, hata mashua hizo zikawa na nafasi 1,178 kwa watu wapatao 2,200. Watoto hukasirika wanapoelezwa hivyo, na wana haki.

Dhana: Wale wachumba wawili wanaoonyeshwa katika filamu ya Titanic ya mwaka 1997 walikuwapo melini kweli.

Ni wa kubuni.

Dhana: Somo hili litamfanya mtoto aogope maji.

Wazazi huhofia kwamba likizo ya Desemba mtoto atakataa kupanda feri ya Likoni kule Mombasa. Kinachomwogopesha zaidi ni kisa kinachoachwa pale meli inapozama, ilhali habari yenyewe inaendelea: meli ya Carpathia ilifika alfajiri na kuwachukua manusura wapatao 700, na mwaka 1914 mataifa yalitia saini mjini London mkataba uliotaka kila aliyemo melini awe na nafasi katika mashua za uokozi. Vifo visifichwe, wala visielezwe kwa kirefu. Inatosha kusema kwamba maji yalikuwa baridi mno. Akiuliza kuhusu watoto wenzake, aambiwe kwamba wa daraja la pili waliokolewa karibu wote, na wa daraja la tatu takriban thuluthi moja tu. Siku ya kuvuka Likoni, aonyeshwe mahali jaketi za kuokolea zilipowekwa.