Umepata Cheti cha Uraia. Je, Unaweza Kuwania Kiti?

Kila tunapofanya kikao cha elimu ya uraia Kibra au Githurai, swali hili halikosi: "Nimepata kitambulisho, sasa naweza kusimama?" Wengi hudhani kura na kiti ni haki moja. Katiba ya Kenya ya 2010 imezitenganisha.

Kura haingoji. Ukishapata kitambulisho na umetimiza miaka 18, nenda IEBC, tume ya uchaguzi, ujiandikishe, jiunge na chama ukipenda, na kaunti ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, simama useme barabara yenu haipitiki. Kura ya raia wa kuandikishwa, yaani aliyepewa uraia kwa cheti, ina uzito sawa na ya raia wa kuzaliwa.

Kiti kina masharti zaidi. Kifungu cha 99 na cha 193 vinataka anayewania ubunge au uwakilishi wadi awe amekuwa raia kwa miaka 10 mfululizo kabla ya siku ya uchaguzi. Wamakonde, jamii yenye asili ya Msumbiji, waliofunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi Oktoba 2016 kudai uraia, wakapewa vitambulisho mapema 2017, watakuwa wametimiza muda huo ifikapo Agosti 2027. Washona, ambao wazee wao waliletwa na kazi ya injili kutoka Zimbabwe miaka ya 1960, walipokea vyeti 2021. Uchaguzi mkuu wao wa kwanza kuwania ni wa 2032. Kwangu mimi huu ni uzito usio wa haki kwa Mshona aliyezaliwa hapa Kenya, Kinoo, na kulea watoto papo hapo: saa inaanza kuhesabu siku ya cheti, si siku aliyozaliwa.

Wanubi wa Kibra, wajukuu wa askari wa Kisudani wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wana kisa tofauti. Kilichowaumiza kwa miaka mingi ni msasa: kijana wao alikuwa akiitwa mbele ya kamati athibitishe asili yake, huku mwenzake wa darasani akijaza fomu tu na kungoja. Kitambulisho kikichelewa hadi daftari la wapiga kura lifungwe, kura ya miaka mitano imekwenda.

Mzazi wa Kishona aliyepata cheti 2021 na mtoto akazaliwa baadaye, ajue hili: chini ya Kifungu cha 14 mtoto huyo ni raia wa kuzaliwa. Akifika umri, anaweza kuwania hata urais.