Farasi wa mbio na Januari mosi

Wapenzi wa mbio za farasi wamezoea kusema kwamba kila farasi wa mbio duniani huongeza mwaka Januari mosi. Ni kweli kwa Uingereza, Ireland, Ufaransa na Marekani. Huko, mtoto aliyezaliwa Desemba 31 anahesabiwa ana mwaka mmoja kesho yake, hata kusimama bado anayumba! Ndiyo maana wafugaji hupanga majike yazae mapema baada ya mwaka mpya.

Australia na New Zealand tarehe ni Agosti mosi. Farasi hubeba mimba miezi 11 hivi na huzaa majira ya kuchipua, ambayo kusini mwa ikweta huanza Septemba. Kalenda imefuata majani mabichi tu.

Ugumu huja farasi wa pande hizo mbili wanapokutana. Farasi wa Ulaya aliyezaliwa Februari 2015, akifika Melbourne mwezi Novemba 2018, kwao ana miaka mitatu. Kwa hesabu ya Australia yumo kundi la miaka minne, pamoja na waliozaliwa Septemba 2014. Amezidiwa miezi mitano, na kwa farasi anayekua hiyo si kidogo. Basi hupunguziwa uzito wa kubeba, yaani mpanda farasi na tandiko lake. Cross Counter wa Uingereza alishinda Melbourne Cup, mbio maarufu za Australia, mwaka huo, mita 3,200, akiwa na kilo 51 mgongoni. Wapo walioita upendeleo. Mimi naona ni hesabu ya miezi. Farasi akishakomaa, nafuu hiyo huisha.