Uchizi wa Gondry umechorwa kwenye karatasi ya grafu

Wiki hii tena. Dogo mmoja msanii kaja na wimbo wake nimtengenezee video, kakaa, kasema: "Kaka, mimi storibodi, ile michoro ya kupanga shoti, sitaki. Nataka uchizi kama wa yule Mfaransa. Tunawasha kamera, tunaona." Mfaransa mwenyewe ni Michel Gondry, muongozaji wa video za muziki, na huyu dogo ni wa nne mwaka huu.

Haya. Video ya "Star Guitar" ya kundi la Chemical Brothers, 2002, ndiyo inayowaponza. Unachungulia dirisha la treni. Nje zinapita nguzo, madaraja, majengo. Watu wanaamini jamaa alipanda treni na kamera yake, mandhari ikaangukia kwenye biti. Ikaangukia! Njia ile ya Nîmes hadi Valence aliirekodi mara kumi, saa mbalimbali za siku, apate mianga tofauti. Wimbo akauchora kwenye karatasi ya grafu, mpangilio akaujaribu kwa machungwa, vitabu na viatu vya raba. Kisha kompyuta ikashonea: kila mlio una kitu chake, mlio ukirudi nacho kinarudi. Kwa hiyo na nyie mnaodai hagusi kompyuta, kaeni chini.

Video yake nyingine, "Around the World" ya kundi la Daft Punk, 1997, sitairefusha. Besi ni wale wachezaji warefu wanaopanda na kushuka ngazi, mashine ya ngoma ni wale waliozungushiwa bendeji, gitaa ni wale wa mifupa mitupu, sauti ya kuimba ni maroboti. Izime sauti uitazame, wimbo utausikia. Gondry alikuwa mpiga ngoma wa bendi ya Oui Oui. Kuhesabu moja mpaka nne ndiyo ilikuwa kazi yake.

Sasa nikiri. Mimi mwenyewe nimewahi kuhesabu, fremu kwa fremu, kila kiki, yaani dundo la ngoma kubwa, na shoti yake, na video ikatoka imekufa kama tangazo la sabuni. Nadhani kosa langu lilikuwa kukata shoti kwenye kila biti. Kwenye ile treni hakuna kukata: kitu kinapita ndani ya shoti ileile, na inakuchukua muda kushtuka kwamba kumbe kinapiga muziki. Raha iko kwenye kule kushtuka. Au labda sina sikio tu, maana nimejaribu pia bila kukata, na mke wangu akalala katikati.

Dogo nilimpa karatasi na kalamu, ahesabu kiki za ubeti wa kwanza. Alifika 32, simu ya meneja ikaita. Akaanza upya.