Saa ya mwili na mwanga wa asubuhi

Saa ya mwili ni utaratibu wa ndani unaopanga lini usinzie, lini uamke, lini usikie njaa na lini joto la mwili lishuke. Kiini chake ni vishada viwili vidogo vya seli za neva ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana.

Kwa watu wengi saa hii ina kasoro ndogo: mzunguko wake unapita saa 24 kwa dakika kadhaa. Isiporekebishwa, huchelewa kila siku. Ndiyo maana baadhi ya wasioona kabisa usingizi wao huhama. Majuma fulani usingizi huja usiku, majuma mengine huwavamia mchana.

Kinachoirekebisha ni mwanga unaoingia machoni. Nyuma ya jicho zimo seli chache zenye melanopsini, protini inayohisi mwanga; kazi kubwa ya seli hizo ni kupima ukali wa mwanga, hasa wa buluu, na kupeleka habari kwenye saa. Mwanga wa asubuhi huivuta mbele, ukasinzia mapema usiku. Mwanga mkali wa usiku huirudisha nyuma na kuzuia melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa giza limeingia.

Tatizo ni kwamba jicho huzoea haraka, hivyo sebule yenye taa huonekana angavu. Ukiipima utakuta laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100 hadi 300. Nje, hata kukiwa na mawingu, ni maelfu. Jua la mchana hufika 100,000. Anayepanda daladala alfajiri na kushinda ofisini nyuma ya pazia huwa hajaipa saa yake mwanga wa maana.

Basi ukishaamka na kumekucha, kaa nje dakika 20 hadi 30. Kunywa chai barazani au fagia uwanja; kivulini panafaa, mradi anga lionekane. Jua lenyewe usilikodolee macho. Kukaa ndani mbali na dirisha hakusaidii sana, kwa kuwa hatua chache tu kutoka dirishani mwanga hupungua mno. Zikibaki saa mbili ulale, zima taa kubwa ya dari, bakiza ndogo ya manjano.

Mlinzi au muuguzi wa zamu ya usiku afanye kinyume: akirudi asubuhi avae miwani ya jua, ila asiivae akiwa anaendesha kwa sababu huongeza usingizi, kisha alale chumba chenye pazia zito.