Kivuli cha nafsi, na tupa iliyo ndani ya mkate wa wishwa

Kivuli cha nafsi ni ile sehemu ya mtu ambayo mwenyewe haitaki na kwa hiyo haioni: husuda, uoga, uchu wa cheo, pengine hata kipawa alichokemewa utotoni mpaka akakizika. Jina hilo lilitoka kwa Carl Jung (1875–1961), daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi. Alishikilia kwamba kinachokataliwa hakipotei. Hukaa gizani kikitafuta pa kutokea.

Mara nyingi hutokea kwa kuvishwa mtu mwingine. Nyani haoni kundule. Mtazame mtu barazani hapa Lamu baada ya Alasiri. Bei ya samaki inazungumzwa, naye ametulia. Likitajwa jina la fulani, "yule mpenda kujionyesha", kikombe cha kahawa kinabaki hewani, sauti inapanda, na robo saa baadaye wenziwe wameshahamia jambo jingine lakini yeye bado yuko kwa fulani. Hasira iliyozidi kosa ndiyo alama. Huenda fulani kweli hujionyesha. Lakini ile ziada ni ya msemaji, ambaye pengine naye anatamani kuonekana na hajawahi kujiruhusu.

Wengi hukichanganya kivuli na nafsi ammara. Hiyo huamrisha maovu, na kazi ya mtu ni kuizuia. Kivuli kina mapana zaidi, kwani mabaya na mazuri yamefungwa humo pamoja. Mtu mpole asiyeweza kutamka "sitaki" ameuficha ukali wake humo, na ukali huo anauhitaji. Wala kivuli si jini, hakipungwi.

Ngano zinasaidia kwa sababu nafsi ikishtakiwa waziwazi hujitetea, ila ikisikiliza kisa hulegea. Pwani hii hatuna haja ya kuazima kisa. Tunaye Fumo Liongo, shujaa wa ngano zetu, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Liongo amefungwa minyororo na mfalme anayemwogopa, mamake anampelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakila kizuri chote. Basi mama anaoka mkate wa wishwa na kuficha tupa ndani yake. Walinzi wanaudharau, wanampa mfungwa, naye anakata pingu kwa tupa ile huku ngoma na nyimbo nje zikifunika mlio wa chuma. Sijui mfano ulio bora kuliko huu: chombo cha kumfungua mtu kimo ndani ya kile ambacho walinzi wake wamekitupa kwa dharau.

Kuufanyia kazi, chukua kisa unachokijua kwa moyo, si kipya. Kama bibi yako alisimulia kwamba aliyemuua Liongo baadaye alikuwa mwanawe, na jirani yako anasema mpwa, fuata cha bibi. Kaa peke yako dakika ishirini na karatasi. Andika ni nani kisani anayekuchukiza zaidi: mfalme mwenye hofu, mwana aliyemchoma babake sindano ya shaba kitovuni kwa tamaa ya kuozwa binti wa mfalme, au walinzi walafi. Usichague kwa akili. Mchague yule ambaye mwili umemkataa, tumbo likakaza. Kisha andika nusu ukurasa kwa kauli yake, ukianza na "mimi". Mimi mwana niliona sitapata kitu nikibaki mtoto wa shujaa. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaandika "yeye", au wanaandika hukumu. Ukiona neno "msaliti" limeingia, umeshatoka ndani ya mtu huyo, rudi. Mwisho tafuta tukio moja la mwezi huu ambapo kauli hiyo ilikuwa yako. Moja latosha. Iache karatasi siku tatu kabla ya kuisoma tena, kwa sababu siku hiyohiyo utaona aibu tupu.

Makosa mawili ni ya hatari. La kwanza ni kujiona Liongo, mtukufu anayeonewa na kila mtu; anayeanza kisa kwa kumchagua shujaa hajakutana na kivuli bado. La pili ni kugeuza kila dhuluma kuwa kivuli chako. Mtu akikupiga au akikuibia, hilo ni lake, na hukumu yake iko kwingine. Na zoezi likikufungulia kumbukumbu ya mateso inayokunyima usingizi, liache, utafute mshauri au daktari wa akili.

Jinsi ya kukikaribia kivuli inaonekana mwisho wa kisa, pale kisimani Liongo alipofia. Liongo alikufa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wakakosa maji kwa kuogopa maiti waliyodhani yu hai. Aliyefika alikuwa mamake: alimshika, akambembeleza kwa nyimbo, naye akaanguka. Hakwenda na sindano. Kwa hiyo, ukisoma karatasi yako siku ya tatu, isome kwa sauti, polepole, kwa sauti ileile unayomsemesha mtoto aliyeamka usiku. Ikianza kuwa ya kukaripia, funga karatasi, urudi kesho.