Usisubiri Karatasi: Maswali ya Wakimbizi na Wahudumu wa Afya

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi, mengine na wagonjwa waliokimbia makwao, mengine na wenzangu wa kazini. Nimeamua kuyajibu kwa maandishi kwa sababu kila wiki ninampokea mtu aliyechelewa, na nikimwuliza kilichomchelewesha, jibu huwa lile lile: alikuwa anasubiri karatasi, iwe ya uandikishaji wa ukimbizi, ya polisi au ya uhamisho wa matibabu.

Mkimbizi ni nani, na mwombaji hifadhi ni nani?

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtaja mkimbizi kuwa ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa kuhofia, kwa sababu ya msingi, kuteswa kutokana na rangi yake, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wake wa kisiasa. Mwombaji hifadhi ni yule ambaye ombi lake halijaamuliwa. Aliyekimbia bila kuvuka mpaka ni mkimbizi wa ndani. Katika chumba cha matibabu tofauti hizo hazibadilishi kitu. Damu ikitoka inazuiwa kwanza.

Sijaandikishwa bado na sina kitambulisho. Si nitarudishwa mlangoni?

Usisubiri karatasi. Naomba sentensi hiyo isomwe mara mbili. Matibabu ya dharura hayaombewi kibali. Haki ya afya imo katika kifungu cha 12 cha Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni wa 1966, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayousimamia ilifafanua mwaka 2000 kwamba nchi hazitakiwi kuwanyima huduma waombaji hifadhi wala wahamiaji wasio na vibali.

Najua si kila mlango unafuata hayo. Wapo wanaodai kitambulisho kabla hawajamtazama mgonjwa usoni. Ukikutana na wa namna hiyo, usiondoke. Omba kuonana na muuguzi au daktari wa zamu, kisha taja dalili, usianze na habari za uandikishaji. Sema: "Anatokwa na damu nyingi." Sema: "Mtoto hanyonyi tangu jana." Maneno hayo yanamfanya mtu wa afya ainuke kitini. Na wenzangu wa mapokezi, nawaomba kwa heshima zote: jina na namba vinaweza kuandikwa mgonjwa akiwa tayari amelala kitandani.

Mama mmoja alikuja mguu wake umefungwa kitambaa. Kilikuwa kimegandamana na kidonda, ikabidi tukiloweshe kwa maji ya chumvi karibu nusu saa ndipo kikaachia. Ngozi ya kuzunguka kidole gumba ilishakuwa nyeusi. Alijikata kwenye bati siku 11 kabla. Nilipomwuliza kwa nini hakuja siku ile ile, akatoa kifuani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua taratibu kwa ncha za vidole isichafuke. "Nimepewa leo asubuhi," akasema. Karatasi ilikuwa safi kabisa. Vidole vitatu vya mguu ule havikuokolewa.

Siku ya kwanza kidonda kile kingehitaji maji safi, sabuni, bendeji na chanjo ya pepopunda, akarudi nyumbani anatembea.

Dalili zipi haziwezi kungoja hata kesho?

Kwa mtoto mdogo: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki. Mojawapo tu inatosha. Kama anaharisha na macho yamedidimia, endelea kumpa maji ya ORS (dawa ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) njiani, lakini njia iwe ya kuja kituoni. Kwa mjamzito: damu, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, degedege, chupa kupasuka, mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa yeyote: kushindwa kupumua, kupoteza fahamu, jeraha la risasi au kisu, kuungua sehemu kubwa ya mwili.

Wapo watakaoniambia foleni ya uandikishaji ni siku moja kwa wiki na wakiiacha wanaanza upya. Naelewa uzito wake. Mwache ndugu mmoja ashike nafasi, mwingine amlete mgonjwa. Kama uko peke yako, njoo na mtoto. Foleni ile itapangwa tena.

Je, daktari atanitaja kwa polisi au kwa watu wa uhamiaji?

Kazi yetu inatufunga kutunza siri ya mgonjwa. Unachoniambia kuhusu mwili wako ni chako. Sitakudanganya, hata hivyo: ziko nchi ambazo sheria inamtaka mhudumu atoe taarifa za mambo fulani, kwa mfano jeraha la risasi. Kwa hiyo uliza kabla ya kusimulia: "Haya nitakayosema yataandikwa wapi, na nani atayasoma?" Ni swali la adabu na mhudumu anapaswa kukujibu. Huhitaji kumweleza mtu ulipitia mpaka upi ili utibiwe malaria.

Ninachokataa ni ile hofu inayomfanya mtu akae na homa wiki nzima ndani, halafu analetwa amebebwa.

Nilibakwa njiani. Si lazima nipate kwanza ripoti ya polisi?

Hapana. Si lazima. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi: matibabu ya aliyebakwa hayategemei ripoti ya polisi. Kama kuna mtu amekwambia hutapewa dawa bila ripoti, amekosea, na kosa lake linaweza kukupa ugonjwa wa maisha.

Saa zinahesabiwa tangu tukio lenyewe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Anayeanza leo jioni yuko salama zaidi kuliko anayeanza kesho jioni, ingawa wote wamo ndani ya saa 72. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Kuzuia mimba kuna nafasi hadi siku ya tano, na hapo pia mapema ni bora. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa, kuna chanjo ya homa ya ini aina ya B, kuna chanjo ya pepopunda kama una majeraha.

Kama unaweza, njoo kabla ya kuoga, na nguo ulizovaa zilete kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa huenda baadaye ukataka kushtaki. Umeshaoga? Njoo. Umezifua nguo? Njoo. Hutaki kushtaki kamwe? Njoo. Uchunguzi wa kisheria na matibabu ni vitu viwili, na unaweza kuchukua kimoja ukaacha kingine.

Haya yanawahusu wanaume na wavulana pia. Wanachelewa kuliko wanawake kwa sababu wanadhani hakuna atakayewaamini. Sisi tumeshayaona, tunajua yanatokea.

Na kwa wazee wa familia wanaokalisha kikao cha siku tatu kuamua kama binti aende hospitali: wazee wangu, siku tatu ndizo saa 72. Kikao kikiisha na dawa imeshapita. Binti aje kwanza, kikao kikae baadaye.

Dawa zangu za TB zilibaki nyumbani. Nisubiri nikahamishiwe rasmi?

Usisubiri. TB ya kawaida hutibiwa kwa miezi sita, na ukikatiza vijidudu vinaweza kuwa sugu, ukaanza safari ndefu na ngumu zaidi, ukiwaambukiza unaolala nao chumba kimoja. Njoo utwambie ulianza lini na vidonge vilikuwa na sura gani. Hata pakiti tupu inatusaidia sana. Ilete.

Vivyo hivyo kwa dawa za VVU, za presha na za kifafa. Mwenye kisukari anayejidunga insulini asingoje hata siku moja, kwa maana kuikosa kunaweza kuua ndani ya siku chache.

Mwanangu ameshajua lugha ya hapa. Anaweza kunitafsiria kwa daktari?

Tafadhali, hapana. Nimemwona msichana wa miaka tisa akisimama kati ya mama yake na daktari, akiulizwa amwulize mama damu ilianza kutoka lini na baada ya nini. Mtoto alitazama sakafu. Mama akaelewa swali bila kutafsiriwa, akasema kwa ishara kwamba hana tatizo. Alikuwa nalo.

Mtoto hapaswi kubeba habari hizo, na mama hatasema ukweli mbele yake. Mume au kiongozi wa kambi vilevile hafai kwa mambo ya siri. Dai mkalimani aliyefundishwa, wa jinsia unayoona afadhali. Wahudumu, tuache kumwita mtoto aliye karibu kwa kuwa ni rahisi. Hata mkalimani wa kwenye simu ni bora mara mia.

Nikishindwa kulipa, nitafungiwa wodini?

Hospitali si jela. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kumzuia mama na kichanga wodini kwa ajili ya deni ni kumnyima uhuru wake, na kushikilia cheti cha kuzaliwa cha mtoto ni baya vilevile. Omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii siku ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Mimi ni muuguzi. Watu wenye silaha wameingia wodini wanataka orodha ya wagonjwa. Nifanye nini?

Kwanza uhai wako. Usipigane na mtu mwenye bunduki. Sema kwa utulivu kwamba huna mamlaka ya kutoa orodha na kwamba msimamizi ndiye anayehusika, halafu mwite. Baada ya hapo, andika: saa ngapi, walikuwa wangapi, walisema nini, walichukua nini.

Hapa ndipo na sisi tunapochelewa, na inaniumiza. Tunawahubiria wagonjwa waje mapema huku wenyewe tukinyamazia vitisho. Mwenzetu anasukumwa ukutani na ndugu wa mgonjwa, anafuta machozi, anaendelea na zamu, tunasema "tumezoea". Anapigiwa simu usiku kwa sababu alimtibu mtu wa upande fulani, tunamshauri abadilishe namba. Kisha siku anaumizwa kweli, hakuna hata mstari mmoja kwenye daftari la matukio. Toa taarifa siku ile ile. Tishio la mdomo nalo ni tukio.

Sheria ipo upande wetu. Mikataba ya Geneva ya 1949 inalinda hospitali, magari ya wagonjwa na wahudumu wakati wa vita. Itifaki za Nyongeza za 1977 zinasema mhudumu haadhibiwi kwa kumtibu mtu kwa kufuata maadili ya kazi, hata mtu huyo awe nani. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kivita ya Marekani iliishambulia hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Kunduz, Afghanistan, wakafa watu 42, wakiwemo wagonjwa, wauguzi na madaktari. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2286 la kulaani mashambulizi ya aina hiyo. Hospitali zimeendelea kupigwa tangu hapo, na ndiyo maana kila tukio linalofichwa linawapa nafuu wanaotushambulia.

Na yaliyo mikononi mwetu tuyafanye. Silaha ziachwe nje ya lango, za kila mtu, hata za walinzi wa mkubwa anayekuja kutembelea. Tusipige picha za wagonjwa na kuzituma kwenye makundi ya simu. Tusiite kwa sauti ukumbini, "Yule mkimbizi wa kidonda yuko wapi?" Ana jina.

Mimi ni mkimbizi na ni mkunga kwa taaluma. Naruhusiwa kufanya kazi?

Inategemea sheria ya nchi uliyopo, na mara nyingi baraza la taaluma litataka vyeti. Usikae bure ukisubiri. Anza kuandika barua za kuomba uthibitisho sasa, na wakati huo jitolee kama mkalimani au mhudumu wa afya ya jamii panaporuhusiwa. Ninawajua wakunga waliokaa miaka bila kugusa mgonjwa, jirani zao wakijifungulia sakafuni. Ni hasara ya pande zote mbili.

Kwangu zimeshapita siku nne tangu nibakwe. Kuna faida gani kuja sasa?

Ipo. Dawa ya kuzuia VVU imepita, lakini mimba bado inaweza kuzuiwa hadi siku ya tano, kwa vidonge au kwa kitanzi, na kwako hiyo ni leo au kesho. Magonjwa ya zinaa yanatibika, chanjo bado zinafaa, kipimo cha VVU tutakifanya sasa na kukirudia baadaye, na kuna mtu wa kuzungumza nawe kuhusu usingizi uliokupotea. Mlangoni usimweleze mlinzi chochote. Sema tu: "Nahitaji kuonana na muuguzi faragha." Kama wataka awe mwanamke, ongeza hilo.