Kipande: cheti cha shingoni na maana ya uhuru kwa waliokibeba

Kipande kilikuwa cheti cha uandikishaji na cha kazi ambacho serikali ya kikoloni ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika nchini Kenya, kuanzia umri wa miaka 16, kutembea nacho kila atokapo rizavu, yaani eneo lililotengewa kabila lake. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, lakini Vita Kuu ya Kwanza vikaichelewesha, na vipande vikaanza kugawiwa kwa wingi mwaka 1919 na 1920. Mzungu hakubeba kipande. Mhindi hakubeba. Mwanamke Mwafrika naye hakubeba, ingawa hilo halikumweka nje ya mapambano, kama tutakavyoona.

Msomaji wa Tanzania asichanganye mambo. Kule Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kibarua, hasa wa mashamba ya mkonge, iliyotiwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30 ndipo alipwe. Hicho kina visa vyake. Hapa nazungumzia cha Kenya, kwa sababu sijui mfano mwingine wa Afrika Mashariki unaoonyesha waziwazi jinsi ukandamizaji wa rangi unavyofanya kazi, na kwa hiyo uhuru ulikuwa uhuru wa nini.

Ndani ya kipande mliandikwa jina la mtu na kabila lake, na zikapigwa alama za vidole. Kisha zikafuata nafasi za mwajiri: jina lake, aina ya kazi, mshahara, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa, sahihi. Karatasi hiyo ilikunjwa ikatiwa kwenye kikopo kidogo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba au mnyororo. Wakikuyu wakakiita mbugi, yaani kengele anayofungwa mbuzi. Jina hilo lilitoka kwa wafugaji, watu wanaojua vizuri kengele ni ya nini.

Uzito wa kitu chenyewe ulikuwa kwenye ile sahihi ya mwisho. Kibarua aliyetaka kuacha kazi ilibidi mwajiri amtilie sahihi kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo, hakuna mwajiri mwingine aliyeruhusiwa kumwandika. Akiondoka hivyo hivyo, anahesabiwa mtoro, na utoro wa kazini lilikuwa kosa la jinai. Polisi walimtafuta kwa alama za vidole zilizowekwa Nairobi, wakamrudisha, akatozwa faini au akafungwa. Leo mtu akiacha kazi bila notisi, ugomvi ni wake na tajiri wake. Wakati ule dola yote ilisimama upande wa tajiri.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapoueleza ubaguzi wa rangi kama chuki tu, kana kwamba tatizo lilikuwa masetla, yaani walowezi wa Kizungu wenye mashamba, kuwa na roho mbaya. Wako waliokuwa na roho mbaya, na viboko vyao vimeandikwa. Lakini wako pia waliowatibu watoto wa vibarua wao na kuwapa unga wa kutosha. Setla mwema na setla katili walishika kalamu ileile, na sheria iliwapa wote wawili uwezo uleule juu ya mtu kwa sababu ya rangi yake. Mtu anaweza kutendewa mema miaka 20 na bado asiwe huru, maana wema huo unategemea hisani ya mwingine.

Kipande hakikusimama peke yake pia. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 zilikuwa zimeigeuza ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, na setla akaweza kukodishiwa shamba kwa miaka 999. Kodi ya nyumba, na baadaye ya kichwa, ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha ilipatikana kwa kuuza nguvu zako. Zao la kahawa, ambalo lingempa mkulima wa Kiambu au Nyeri fedha hiyo shambani kwake mwenyewe, alizuiwa kulipanda. Ukiviweka pamoja unaona ukuta wa pande zote: ardhi imechukuliwa, kodi inakusukuma utoke, njia ya mkato imezibwa, na ukishaingia shamba la setla kipande kinafunga mlango nyuma yako. Mwaka 1919 Gavana Edward Northey aliongeza waraka ulioagiza maofisa na machifu "wawahimize" watu kwenda kazini. Kila mtu alijua chifu anahimiza namna gani.

Mwaka 1921 masetla waliamua kupunguza mshahara wa vibarua kwa theluthi, huku kodi ikiwa imepandishwa. Hapo ndipo alipoibuka Harry Thuku, kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya Hazina jijini Nairobi. Alianzisha Chama cha Vijana wa Kikuyu, na baada ya muda mfupi kikawa Chama cha Afrika Mashariki, kwa kuwa hakutaka kibaki cha kabila moja. Wahindi wa Nairobi waliokuwa na magomvi yao na masetla, akiwemo mwandishi wa habari M. A. Desai, walimsaidia. Madai yake yalikuwa ya mambo yanayoshikika kwa mkono: kodi ipunguzwe, wasichana wasilazimishwe kwenda kufanya kazi mashambani, watu wapewe hati za ardhi yao, kipande kiondolewe. Aliwahimiza watu wakusanye vipande vyao wavipakie kwenye lori wakavimwage kwenye makao ya gavana.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi cha Nairobi, karibu na hoteli ya Norfolk. Wajumbe waliingia kuzungumza na wakubwa, wakatoka na kuwaambia watu watawanyike. Wanaume wakaanza kuondoka. Ndipo Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume wachukue gauni lake nao wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke kujivua hivyo mbele ya wanaume ni tusi lisilo na kifani na ni laana. Umati ukarudi na kusonga mbele kuelekea kwenye bunduki. Askari wakafyatua risasi, na inaelezwa kwamba masetla waliokuwa barazani Norfolk nao walipiga. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja zaidi. Muthoni alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka, na yeye hakuwahi kuvaa kipande shingoni. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu na hakuachiliwa mpaka baada ya miaka minane hivi. Aliporudi akawa mtu wa siasa za upole, na baadaye akaipinga Mau Mau, vita vya msituni dhidi ya Waingereza. Wanaotaka mashujaa wasiobadilika huliruka jambo hilo. Barabara ya pale Norfolk leo inaitwa kwa jina lake.

Tukiuliza watu wale walimaanisha nini waliposema wanataka uhuru, madai yao yanatupa jibu lililo wazi kuliko hotuba nyingi za baadaye. Walitaka uwezo wa kukataa: kuikataa kazi, kuukataa mshahara, kuondoka Thika kwenda Nakuru bila kumwomba mtu ruhusa, kubaki nyumbani ukilima chako ukipenda. Mtu asiyeweza kusema hapana bila kuadhibiwa hajawa huru, hata mkononi akiwa na mshahara. Bendera na wimbo wa taifa viliingia baadaye kama njia ya kuulinda uwezo huo, baada ya kuonekana kwamba maombi na barua havifiki.

Kipande chenyewe kilikufa kabla ya bendera. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha wanaume wa rangi zote. Wazungu walipoambiwa watachukuliwa alama za vidole kama Waafrika, walikasirika, wakasema hiyo ni kuwafanya wahalifu. Nakiri jambo hili hunichekesha kila nikilisoma. Walichokilalamikia, Waafrika walikuwa wamekibeba kwa zaidi ya robo karne. Lakini kufa kwa kipande hakukuleta uhuru, maana ardhi ilibaki ilipokuwa na kura haikuwepo. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952 kwa sababu ya Mau Mau, haikuchukua muda Wakikuyu, Waembu na Wameru wakawekewa vitabu vya pasi. Shingo ilikuwa imepumzika miaka michache tu.

Afrika Kusini ilipita njia ya namna hiyo kwa ukali zaidi. Sheria ya mwaka 1952 ilijiita ya kufuta pasi, huku ikimpa Mwafrika kijitabu kimoja kinene kilichokusanya zote, na bila kibali asingeweza kukaa mjini zaidi ya saa 72. Serikali ilipoamua wanawake nao wakibebe, wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria tarehe 9 Agosti 1956. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, watu walikwenda kituo cha polisi bila pasi, wakitaka wakamatwe wote, na polisi wakawaua 69. Pasi zilifutwa mwaka 1986, na kura kwa wote ikapatikana 1994. Kwa miaka minane Mwafrika alikuwa na ruhusa ya kutembea katika nchi ambayo hakuwa na sauti ndani yake.

Kwa hiyo anayesema uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963 ulikuwa karatasi tu, simuungi mkono. Kijana wa Murang'a aliyezaliwa mwaka ule hakuhitaji sahihi ya setla ili aache kazi, na si jambo dogo hilo. Watu waliuawa kwa ajili yake. Ila anayesema kazi iliisha siku ile naye ana maswali ya kujibu. Ardhi ya masetla iliyogawiwa wakulima wadogo ilinunuliwa kwa mikopo, na wakulima ndio waliotakiwa kuilipa. Wapiganaji wengi wa msituni hawakupata kitu. Wanawake hawakuandikishwa kupewa vitambulisho mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 1978.

Tena mwaka 1989 serikali ya Wakenya wenyewe iliwaandama Wasomali wa Kenya, ikawachuja mmoja mmoja, na waliofaulu wakapewa kadi ya pekee ya rangi ya waridi. Hakukuwa na mkoloni hapo. Kilichobaki ni ule mtindo wa kumtaka mtu wa asili fulani athibitishe kila siku kwamba ana haki ya kuwa mahali alipo. Kwa miaka mingi baadaye, vijana wa kaskazini mashariki walipigwa msasa, yaani walichunguzwa asili yao, mbele ya wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, kitu ambacho Wakenya wengi mpaka leo wanakiita kipande. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Sasa kuna kungoja kuona kama kijana wa Mandera akifika kwenye kaunta ya uandikishaji ataulizwa maswali yaleyale anayoulizwa kijana wa Nyeri.